Bomba Lisilozunguka

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo, na mvi zote hizi kichwani, huwa natazama chini kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, mkaguzi wa hataza katika ofisi moja ya serikali jijini Nairobi. Usitishwe na neno hilo. Hataza ni hati inayosema kwamba kifaa fulani kilibuniwa na fulani, na mwingine asikitengeneze bila ruhusa yake. Mtu akibuni kitu analeta maelezo na michoro. Mkaguzi anasoma, anatafuta katika hati za zamani kama kuna mwingine aliyemtangulia, kisha anaandika: ni kipya, au si kipya. Kazi yenyewe ni hiyo tu. Lakini hiyo “tu” inaweza kumwangusha mtu mzima, kama utakavyosikia.

Wazazi wangu walitoka Kiambu wakanunua shamba hapa Kitengela kabla ya maghorofa haya unayoyaona, wakati nyumbu walikuwa wakipita nyuma ya choo chetu asubuhi na sisi watoto tukingoja wapite ndipo tutoke. Baba aliuza maziwa hadi nikasomea uhandisi. Kwa hiyo nilipoingia kazini niliingia na kifua mbele. Nilikuwa mwepesi. Faili ambalo mwenzangu angelikalia wiki mbili, mimi nililimaliza kwa siku tatu, na nilipenda sana watu walijue hilo. Mkubwa wangu, Mzee Mutisya, mtu wa Machakos aliyekuwa amebakiza miaka michache astaafu, alisoma faili zake kidole kikifuata mstari kama mtoto wa darasa la pili. Sisi vijana tulimcheka pembeni. Mungu atusamehe.

Basi siku hiyo lilikuja ombi kutoka Kajiado. Liliandikwa kwa kalamu kwenye karatasi za daftari la shule, michoro imepigwa kwa rula, na ukurasa wa nne ulikuwa na alama kubwa ya kidole chenye grisi. Mwombaji aliitwa Lemayian, fundi wa malori. Alikuwa ametengeneza shafti ya rota ya pampu ya upepo.

Pampu hizo umeziona ukielekea Namanga: mnara wa chuma, na juu yake gurudumu la mapangaboi linalozungushwa na upepo ili livute maji kisimani. Gurudumu hilo ndilo rota. Chuma kinacholishika na kuzunguka nalo ndicho shafti. Na shafti hizo zina ugonjwa wao. Chuma kimoja kinafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, kubeba uzito wa gurudumu na kuzunguka. Upepo wa kiangazi unakipinda huku kinazunguka, kinapindwa tena, na tena, mpaka siku moja kinakatika kama ukuni.

Katika kila ombi kuna mahali paitwapo madai, ambapo mtu anataja kwa maneno machache kile anachosema ni chake. Lemayian aliandika sentensi moja: “Nadai shafti ndani ya bomba.” Nilitabasamu. Nilikuwa nimewahi kuona kitu kama hicho. Nikaenda kwenye makabati ya hati za zamani, nikatoa moja ya kutoka ng'ambo yenye mchoro wa shafti ndani ya bomba, na kabla ya chai ya saa nne nikawa nimemaliza barua. Mistari sita ya Kiingereza. Ubunifu huu si mpya, umekwisha kujulikana. Nikaweka sahihi yangu yenye mikunjo mingi.

Ule ukurasa wa grisi sikuusoma. Niliuona mchafu, nikaufunua kwa ncha ya ukucha, nikaendelea.

Miezi ikapita. Barua ile niliisahau kabisa, kwa sababu anayetupa jiwe hana habari na anayepigwa nalo.

Asubuhi moja nikaambiwa kuna mama ananiuliza. Nilipotoka nilikuta mama mrefu, kitambaa cha kanisa kichwani, gunia zito limelala miguuni pake. “Takwenya,” akanisalimu kwa Kimaasai, nami kwa kuwa nimekulia Kitengela nikaitikia, “Iko.” Hilo lilimshangaza kidogo, lakini halikumlainisha. Alijitambulisha kuwa Mama Resian, mke wa Lemayian. Akatoa barua yangu kutoka kwenye karatasi ya nailoni. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mpaka ikachanika katikati.

“Ni wewe uliandika hii?”

“Ni mimi, mama.”

“Basi niambie kwa mdomo. Kule kwetu imesomwa na mwenyekiti wa kisima, mbele ya watu wote. Akasema serikali imesema bwana yangu ameiba kitu ya wenyewe.”

“Hapana, mama. Haisemi ameiba. Inasema tu si kitu kipya.”

“Kama si kipya, na yeye anasema ni yake, huko kwenu hiyo inaitwa nini?”

Nikamwomba aketi.

Akanieleza yote bila kupandisha sauti. Kijiji chao, nje kidogo ya mji wa Kajiado, kilikuwa na kisima kimoja chenye pampu ya upepo, na shafti yake ilikuwa imekatika mara nyingi. Watu walikuwa wamekubaliana kwamba Lemayian aweke yake, ile aliyoijaribu nyumbani kwake. Barua ikafika. Iliposomwa, kamati ikaghairi, ikanunua shafti ya kawaida dukani. Haikumaliza msimu. Akafungua gunia akanionyesha kipande chake, kimekatika, uso wa chuma uking'aa kama sukari. Gurudumu lilianguka mchana watu wakiwa kanisani, na hilo lilikuwa bahati. Tangu hapo akina mama walikuwa wanatoka alfajiri kufuata maji mbali, na ng'ombe walikuwa wanakonda.

“Na fundi mwenyewe?” nikauliza.

“Amefunga karakana. Anakaa tu. Watu wakipita wanamwita fundi wa kunakili.” Akakirudisha kile kipande kwenye gunia. “Huyo mwenye alitengeneza hii kitu mbele yetu, anakaa wapi? Niambie nimwendee. Nataka kuona yake na macho yangu.”

Nilikwenda nikaileta ile hati ya ng'ambo, nikiwa na hakika kwamba mchoro utamnyamazisha. Nikaufungua mezani. Mama Resian hakujua kusoma Kiingereza, lakini mchoro aliusoma. Aliuinamia muda mrefu. Kisha akaweka kidole juu ya mshale mdogo uliopinda, ambao mimi sikuwa nimeutilia maanani.

“Hii bomba inazunguka?”

Nikatazama. “Ndiyo. Bomba na shafti vinazunguka pamoja. Bomba ni la kuhifadhi mafuta tu.”

“Yetu haizunguki,” akasema. “Bomba imefungwa kwa mnara. Mimi ndiye nilishikilia akichomelea. Bomba inabeba gurudumu, chuma ya ndani inazungusha tu. Hakuna mmoja anafanya kazi ya mwenzake.”

Mwanangu, niliurudia ule mshale, nikaona anasema kweli. Mzee Mutisya alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini. Akaomba faili la Lemayian, akalifungua, kidole chake kikaanza kutembea mstari baada ya mstari kama kawaida yake. Kikafika ukurasa wa nne. Kikapita juu ya grisi. Pale, kwa Kiswahili cha kuungaunga, Lemayian alikuwa ameandika: bomba haizunguki, inabeba uzito, shafti inazunguka bila kubeba.

“Ulisoma hapa?” Mzee akaniuliza.

Ningeweza kudanganya. Mama Resian alikuwa ananitazama. “Hapana,” nikasema.

Mzee alimshukuru mama yule, akamwomba anywe chai, akaniita pembeni kwenye chumba cha makabati. Nilitarajia anifokee. Afadhali angenifokea.

“Nyambura,” akasema, “barua yako si uongo. Madai yake aliyaandika vibaya. Shafti ndani ya bomba ni kitu cha zamani, na mtu akidai hivyo utamkatalia. Lakini ulimkatalia sentensi moja, ukamwacha mtu mwenyewe na ukurasa wake wa nne. Kazi yako ilikuwa kumwambia: ulichodai si kipya, lakini hapa ndani nimeona kitu, hebu kidai hiki.”

“Nilimdharau, Mzee,” nikasema, na machozi yakaanza.

“Najua. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Huyo mtu amekaa na chuma miaka mingi ndipo akaandika kurasa sita. Wewe umempa asubuhi moja, tena nusu.” Akanipa leso yake. “Sikuambii umpe hataza. Pengine hastahili, hatujui bado. Nakuambia umsome. Kumhurumia mtu kwa kumpa kisicho chake, huko ni kumharibu, na ni kuwaonea wengine. Huruma ya mkaguzi ni kusoma mpaka mwisho. Hakuna nyingine.”

Maneno hayo nimekaa nayo maisha yangu yote. Kusema kweli, siku ile sikuyaelewa vizuri, kwa sababu nilikuwa najifikiria mimi na aibu yangu. Ndivyo ujana ulivyo. Hata majuto yake yana kiburi ndani.

Mzee aliniandikia ruhusa ya kwenda kukiona kifaa chenyewe, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Wiki hiyohiyo nikaenda Kajiado. Mama Resian alinipokea kwa chai ya maziwa, akanionyesha mume wake aliyekuwa ameketi kwenye tairi kuukuu nje ya karakana iliyofungwa kwa mnyororo. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mikono yake imejaa makovu ya moto wa kuchomelea. Nilijitambulisha. Hakuinuka, ila alinisalimia vizuri.

Nikatoa maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima. Kwamba nilifanya haraka. Kwamba sikusoma yote. Kwamba naomba msamaha.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. “Madam,” akasema, “mimi sina vita na wewe. Wewe ni mtoto wa watu. Lakini nikuulize. Barua yako ilisomwa wapi?”

“Kisimani, mbele ya watu.”

“Na samahani unaniambia wapi?”

Nikatazama kulia na kushoto. Tulikuwa wawili tu, na kuku.

Wahenga wanasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilikuwa nimejikwaa kwa kalamu, ambayo ni mbaya zaidi, kwa maana ulimi husahauliwa lakini karatasi hutunzwa kwenye nailoni. Nilitaka kurudi Nairobi. Nilijiambia kwamba ofisi haijanituma kuhutubia watu, na hilo lilikuwa kweli. Lakini najua kwa nini nililitaja: niliogopa. Mama Resian akaniambia taratibu, “Jumapili baada ya kanisa watu wanakutana kwa birika ya kunywesha ng'ombe. Ukitaka, nitasimama na wewe.”

Nikampigia simu Mzee Mutisya kutoka posta ya Kajiado. Akanijibu, “Usiahidi hataza, wala usisifu kifaa. Sema ulichofanya, ushuke.” Akakata.

Jumapili ile nilisimama kando ya birika tupu. Wazee walikuwa wameketi mbele, akina mama nyuma, vijana wameegemea mnara uliokatwa kichwa. Magoti yangu yalikuwa yanagongana. Nikasema kwa Kiswahili, na Mama Resian akitafsiri kwa Kimaasai: mimi ndiye niliyeandika ile barua. Barua haikusema mtu ameiba. Na hata hiyo niliyoandika, niliiandika kabla ya kusoma yote aliyoyaeleza. Kazi bado haijakwisha, sijui itaishaje, lakini Lemayian hajanakili ile hati niliyoitaja. Hati ile inasema kingine. Kosa ni langu.

Nilisikia kengele ya mbuzi mahali fulani.

Mwenyekiti wa kisima, mzee mwenye kofia ya sufu, akainuka polepole akiegemea fimbo. Nilidhani atanigombeza. “Mimi Kiingereza yangu ni ya darasa la nne,” akasema. “Kwa hiyo barua nilisoma pale nilielewa tu. Pengine nikajaza.” Baadhi ya watu wakacheka, naye akacheka kidogo, kisha akageuka kuelekea alikokuwa ameketi Lemayian. “Fundi, tumekukosea mbele ya watoto wako. Sisi pia tunasema samahani hapahapa.”

Lemayian alitazama mikono yake. Mwishowe akasimama, akatoa ufunguo mfukoni, akaenda kufungua karakana. Watu wakamfuata. Nilimwona akiondoa turubai, akizungusha shafti kwa kidole kimoja, huku bomba lililoibeba likiwa limetulia tuli. Mzee mmoja alilishika bomba kwa mikono miwili kuhakikisha. Wakati ule Mama Resian alisimama nyuma, akijifuta uso kwa pembe ya kitambaa chake.

Mambo hayakwisha kama hadithi za watoto, mwanangu, na sitakudanganya. Niliporudi ofisini nilimwandikia Lemayian barua nyingine, ya Kiswahili, ndefu, nikimweleza jinsi ya kuandika madai yake upya. Akayaandika. Nikayakagua tena, safari hii kidole changu kikifuata mstari, na wenzangu wakinicheka. Katika kutafuta nikagundua jambo lililonichoma: ekseli za nyuma za malori makubwa, vyuma vinavyobeba magurudumu, zina siri hiyohiyo. Bomba linabeba, chuma cha ndani kinazungusha. Usiku kucha nilitamani nisingeliona. Lakini nilikuwa nimeliona. Nikamwita, nikamwekea mchoro wa ekseli mezani, nikimwogopa.

Yeye akacheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka. “Lori ndiyo ilinifundisha! Nimefungua ekseli za malori ya Namanga miaka kumi na tano. Ulifikiri nimeota?”

Kwa hiyo hataza kamili hakupata. Alipata hati ndogo zaidi, anayopewa mtu aliyeboresha kifaa na kukipa matumizi mapya, na nilipomkabidhi alilisoma jina lake mara mbili kabla ya kuikunja. Shafti yake iliwekwa kisimani. Pampu ikavuta maji kiangazi chote na vingine vilivyofuata. Waliokuwa wakimwita fundi wa kunakili walikuja kumwomba awatengenezee zao. Karakana ikajaa.

Lakini kuna kitu hakikurudi. Miaka baadaye nilipita Kajiado nikamkuta ametengeneza mtambo mwingine, mkia unaogeuza rota yenyewe pembeni upepo ukizidi nguvu, usiuvunje mnara. Ulikuwa mzuri ajabu, na sijawahi kuona mfano wake katika hati yoyote niliyosoma. Nikamsihi auandikie ombi. Nikamwambia nitamsaidia kuandika, na mwenzangu ndiye atakayeukagua. Alinimiminia chai, akaniuliza habari za watoto wangu, akanisindikiza hadi barabarani. Tulipoagana akasema, “Hiyo wacha tu, madam. Hiyo ni ya kwetu.” Hakuwa na hasira. Alikuwa tu hataki tena kitu chake kisomwe na mtu asiyemjua. Alikuwa hajanisamehe? Hapana, alinisamehe zamani. Lakini kusamehewa hakufuti. Sijui ni vitu vingapi vilibaki katika kichwa kile kwa sababu ya asubuhi yangu moja.

Ndiyo maana nakuambia wewe uliyepewa kalamu juzi, uwe unasahihisha mitihani ya watoto, unaandika majibu ya hospitali, au unapitisha maombi ya watu kazini. Soma mpaka mwisho. Ukurasa mchafu usome mara mbili, maana mara nyingi umechafuliwa na kazi yenyewe. Mtu asipojua kusema vizuri, mwulize anamaanisha nini. Kuuliza si ujinga. Ukimkatalia, mweleze kwa lugha anayoielewa ni nini umekataa na nini hukukataa, kwa sababu nafasi utakayoiacha wazi wengine wataijaza. Kweli ikikuumiza, iseme hata hivyo, kama nilivyolazimika kuisema ya malori. Mtu mzima anaweza kubeba kweli, kinachomvunja ni dharau. Na siku utakapokosea, maana utakosea, peleka samahani yako palepale kosa lilipofika, hata kama ni mbele ya watu na birika tupu. Usiinong'one kwenye kona.

Mwenyezi Mungu akupe subira kuliko aliyonipa mimi ujanani. Akuwekee karibu mkubwa kama Mzee Mutisya, wa kukuonya akikushikia leso, na mama wa kusimama nawe magoti yako yakigongana. Watakaopita mikononi mwako watoke wakiwa wamenyooka kuliko walivyoingia. Nenda salama, mwanangu, na kazi yako ibarikiwe.